Diski Iliyogonga Kila Dada Aliposema

Mtaani walimwita Futa, na jina hilo hakulipata bure. Zamani, alipokuwa fundi mchanga wa kompyuta, alimuuzia mtu diski iliyotoka kwenye mashine ya mteja mwingine bila kuisafisha. Ndani mlikuwa na picha za bibi harusi akivishwa chumbani, na picha hizo zikatembea simu kwa simu mpaka zikamfikia mwenyewe. Yule mama alikuja dukani. Hakupiga kelele, alisimama tu mlangoni akamtazama, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo Futa akajiwekea sheria: diski yoyote anayoichomoa kwenye mashine, nzima au mbovu, yake au ya watu, lazima aifute. Tena si kufuta kwa juujuu kama unavyofuta ujumbe wa simu. Aliijaza sifuri mwanzo mpaka mwisho, hata angekuja bingwa gani asiokote herufi moja.

Kinyozi wa mlango wa pili hakuchoka kumtania. “Jamani, huyu msimpe kichwa akishike,” alikuwa akiwaambia wateja wake. “Atakirudisha kikiwa safi, hukumbuki hata jina la mama mkwe.” Halafu anaongeza, “Changu nampelekea kesho asubuhi.” Futa alicheka pamoja nao huku diski ikiendelea kujaa sifuri mezani. Alijua kwamba wanamheshimu. Watu wenye siri zao, na nani hana, waliyapita maduka mengine wakaja kwake.

Jambo la pili lililojulikana kumhusu ni imani yake. Futa alikuwa muumini wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ukimletea kompyuta iliyojaa virusi, kabla hajagusa bisibisi atakuhubiria kwanza, na ukikaa vibaya utatoka umeokoka. Mashine kuukuu zilizokataliwa kila mahali aliziwekea mfumo huo zikafufuka. Mojawapo ndiyo aliyoipeleka chumbani kwa dada yake, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Futa akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu, na dada, aliyekuwa binti tu, akaacha shule akaingia kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Alifua, akapiga pasi, akapanda mpaka akawa msimamizi wa chumba kizima cha kufulia, na kwa jasho hilo mdogo wake akasoma. Alikuwa mwanamke wa maneno makali. Shuka likitoka na doa alikuwa haulizi nani kafua. Anasema tu, na mwenye kosa anajitokeza mwenyewe kwa aibu. Kazini walimwogopa na wakampenda. Nyumbani ulimi ule ule ukamfukuza mwanawe wa pekee.

Binti alimpenda mwanamume ambaye mama hakumtaka. Mama akasema yake, binti naye hakuwa bubu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Akaolewa bila baraka, akahamia mji wa mbali. Baadaye akajifungua, na mtoto akaugua akafa kabla hajajua kutembea. Watu wakaenda mazishini, majirani, wakwe, hata waliogombana wao kwa wao. Mama mzazi hakuonekana. Kwa nini hakwenda, hakumwambia mtu, hata Futa. Kuanzia siku hiyo binti hakupokea tena simu ya mama yake, na salamu zote zikawa zinapita kwa mjomba.

Mapafu ya dada yalipoanza kumshinda, Futa alimchukua akampa chumba kinachotazama uani, penye kamba ya nguo na bomba. Mkewe hakunung'unika hata mara moja, na si kwa sababu dada alikuwa mgonjwa mpole. Alilalamikia mashuka. Alisema pasi ya nyumba ile haijui kazi yake. Lakini mchana, nyumba ikiwa kimya, alikaa kitandani akitazama simu isiyolia.

“Nataka kusema na mwanangu,” alimwambia Futa siku moja. “Na sijui nitasemaje. Kwenye simu hanitaki, na hata angenitaka, neno la tatu tungeshikana. Kuandika siwezi, vidole havishiki.”

“Basi sema peke yako, Dada,” alisema Futa. “Mimi nitakuwekea kinasa sauti kwenye kompyuta. Unabonyeza hapa pekundu, unasema. Ukichoka unabonyeza tena. Hakuna wa kukujibu.”

“Hakuna wa kunijibu?” Dada akatabasamu. “Hapo umenipata.”

Ndivyo alivyoanza. Siku ya kwanza Futa alimsikia akifungua kwa sauti ya kazini, “Wewe mtoto, nisikilize,” naye akatoka uani haraka. Aliona si adabu. Mazungumzo ya mama na mwanawe hayana nafasi ya mtu wa tatu, hata kama ni mdogo wa damu. Ikawa desturi yake: dada akitaka kusema, yeye anatoka, anafungua bomba, anaosha ndoo ambayo haikuwa chafu. Na mkewe naye alimfundisha afanye vivyo hivyo. Ilikuwa heshima, na leo ukimuuliza atakwambia ni ujinga.

Dada mwenyewe hakuficha mwendo wa mambo. “Hizi za mwanzo nimemsema mpaka nikajichosha,” alimwambia baada ya wiki kadhaa. “Mabaya, mdogo wangu. Mengine sikujua kama ninayo tumboni. Lakini mtu akishatapika ndipo anapotamani chakula. Sasa ndiyo nataka kusema ya kweli.”

Wakati huo huo diski ikaanza kugonga.

Anayezijua diski za zamani anaujua mlio huo: tak, tak, kama kucha ya kidole mezani. Maana yake ni moja, kifo kinakaribia. Futa hakungoja. Alileta diski nyingine, nzima, akaiweka ndani ya kompyuta kando ya ile mbovu, akaitengea patisheni, yaani eneo lake, kama unavyotenga chumba ndani ya nyumba. Kisha akaiwasha mashine kwa flashi, ili mfumo wenyewe uwe umelala asiunakili ukiwa unatembea, akaanza kuhamisha mzizi. Mzizi ndilo folda la kwanza kabisa kwenye Linux, linalobeba mengine yote: programu, mipangilio, na sauti ya dada. Ukinakili mzizi kwa ukamilifu, kila faili na mmiliki wake na ruhusa zake, umeihamisha nyumba nzima pamoja na vumbi lake.

Kazi ilikwenda vizuri. Alipomaliza kunakili, akaifundisha diski mpya kuwasha mashine. Ikabaki hatua moja. Ndani ya mipangilio ya kuwashia kuna mstari unaoiambia kompyuta mzizi wake uko patisheni gani, na mstari huo ulikuwa umenakiliwa kama ulivyo, bado ukiitaja ile ya zamani. Lazima uubadilishe. Futa aliwahi kuwaimbia wanagenzi wake jambo hilo mpaka wakalichoka. Alikuwa ameshaweka vidole kwenye kibodi, mbele ya mstari huo huo, dada alipopaliwa na kikohozi cha kutisha. Akaruka. Akamshika mgongo, akamwinua, akamnywesha maji, akambembeleza mpaka pumzi ikarudi. Aliporudi mezani alikuwa bado anasikilizia pumzi ya dada, akachomoa flashi akaiwasha mashine.

Ikawaka. Picha ile ile, kitufe kile kile chekundu, sauti zote mahali pake. Ingewezaje kutowaka? Ilianzia kwenye diski mpya, ikausoma ule mstari, ikarudi zake kwenye diski ya zamani kama punda anayejua njia ya nyumbani. Kwa macho hungejua. Nakala na asili zilikuwa pacha.

“Diski ya zamani nitaiacha humo ndani kidogo, kwa usalama,” alimwambia dada. “Tukihakikisha mambo yako sawa, naitoa.”

Hilo nalo ni fundisho zuri la ufundi. Mambo mazuri yote aliyoyafanya Futa yalishirikiana kumwangusha.

Wiki zikapita. Dada akasema na mwanawe karibu kila alasiri, na siku moja akamwita Futa kutoka uani.

“Hii kitu yako bado inagonga.”

“Ni ile ya zamani, Dada. Inazunguka tu, haina kazi.”

“Mbona inagonga nikisema? Nikinyamaza inanyamaza.”

Futa akacheka. “Labda inakuitikia.”

“Nakwambia wewe, mtoto. Ninasema, inagonga.”

“Dada, mimi nakuachia mashuka. Niachie mashine.”

Na dada, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubali kuambiwa maneno kama hayo, alikubali, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kubishana. Angekuwa na nguvu zake za zamani, angembishia mpaka akaifungua ile mashine. Mganga hajigangi. Mteja yeyote angemwambia Futa, “diski inagonga ninapohifadhi faili,” yeye angejua kabla sentensi haijaisha.

Siku moja, akiingiza chai, alimkuta dada ameegemea ukuta, uso umelowa, lakini mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

“Leo nimeisema ile ya mazishi,” alisema. “Kwa nini sikwenda. Nimesema yote, na nimemwomba radhi. Miaka yote hii neno hilo lilinikaa hapa.” Akagusa koo. “Sikiliza, mdogo wangu. Usije ukampa kipandekipande. Mpe zote pamoja, aanzie mwanzo afike mwisho. Akisikia zile za mwanzo peke yake, atanichukia mpaka kaburini, na atakuwa na haki.”

“Nitampa zote, Dada.”

“Niapie.”

Futa akaapa. Jioni alimpigia mpwa wake, akamwambia mama yake anamwekea maneno. “Ya kunitukana?” aliuliza binti. “Utayasikia yote kwa pamoja,” alisema Futa, “halafu utaniambia.” Binti akasema atakuja.

Dada alisema siku chache zaidi, halafu akatangaza kwamba amemaliza, na kweli sauti ikamkatika. Akabaki wa kunong'ona, mwishowe wa kuashiria kwa macho. Kitu kilichomsumbua sasa kilikuwa ule mlio, maana diski mbovu ilikuwa imeanza kugonga ovyo hata pasipo mtu kusema. Alionyesha kompyuta, akakunja uso, akafumba macho. Futa akaona hakuna sababu ya kungoja. Asubuhi aliichomoa ile diski ya zamani, akaenda nayo dukani, na kwa kuwa sheria ni sheria, akaifunga kwenye mashine ya kazini akaijaza sifuri. Ilisumbua, ikagonga, ikakwama mara kwa mara, lakini akaisimamia mpaka ikafika mwisho. Kinyozi alichungulia. “Siri za nani leo?” “Za dada,” alijibu Futa, na wakacheka.

Jioni aliiwasha kompyuta ya chumbani ili ampangie mpwa wake sauti kwa utaratibu. Kioo kikabaki cheusi. Juu kushoto pakatokea mstari mmoja wa maandishi meupe: kifaa hakionekani. Kilichofuata ni namba ndefu ya patisheni iliyokuwa ikitafutwa.

Futa aliisoma namba hiyo mara moja tu. Akakaa sakafuni palepale, mgongo kwenye kitanda cha mgonjwa. Aliujua mstari huo. Aliwahi kuwa mbele yake, vidole tayari, siku ya kikohozi.

Hata hivyo binadamu hakubali. Alichukua flashi, akaurekebisha ule mstari kwa kazi ya muda mfupi mno, kazi ambayo ingefanyika wakati ule dada anasubiri chai. Mashine ikawaka vizuri kabisa, sasa kutoka kwenye diski mpya, kwa mara ya kwanza. Akafungua folda la sauti. Zilikuwapo zote za mwanzo, mpaka siku ile ya kunakili. Baada ya hapo, hakuna. Zile za kweli, ile ya mazishi, ile ya radhi, zote ziliandikwa kwenye diski ya zamani, tak, tak, neno kwa neno, huku dada akimwambia na yeye akicheka. Kesho yake alikwenda dukani akaisaka ile diski kwa kila programu aliyoifahamu. Ilikuwa sifuri. Hakuwa fundi mbaya, kazi yake ilikuwa safi, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Alitamani, mara moja tu maishani, awe ameifanya ovyo.

Hakuweza kumwambia kinyozi. Alimwambia mkewe, jikoni, mlango umefungwa.

“Hata moja?” aliuliza mkewe.

“Za matusi zipo. Za radhi hakuna.”

Mkewe aliweka kisu chini. “Basi usimpe kitu. Mwambie mashine iliharibika. Ukimpa nusu hiyo, utakuwa umemzika dada yako mara mbili.”

Dada alikuwa bado hai. Futa alipoingia chumbani mwake, alimkuta amegeuza macho kwenye kompyuta, halafu akayaleta kwake, akainua nyusi: tayari? Futa alitamani ampigie magoti, amwambie, Dada, rudia, nong'ona hata maneno matatu, nitakuwekea kinasa mdomoni. Lakini mdomo ule ulikuwa umekwisha kazi, na uso ulikuwa unasubiri jibu moja tu.

“Tayari, Dada,” alisema. “Zote zipo.”

Dada akafumba macho kwa raha. Siku ya pili akafariki.

Binti yake alifika baada ya maziko, barabara ilimchelewesha. Wala hakulia. Alikaa kwenye kitanda cha mama yake kilichokwisha kutandikwa, mikono magotini, akamtazama mjomba wake.

“Mjomba, ulisema kuna maneno yangu.”

Futa alikuwa ameufanyia mazoezi ule uongo wa mkewe, njia nzima ya kutoka dukani. Ulimkataa. Alimwambia yote, diski, mstari, kikohozi, sifuri, na alipofika mwisho akamwambia pia alivyoagizwa na marehemu: kwamba zile za mwanzo zisisikilizwe peke yake.

“Kwa hiyo niende mikono mitupu?”

“Afadhali hivyo, mama.”

“Miaka yote hii sijasikia sauti yake. Hata kama ananitukana, Mjomba, nataka kuisikia.”

Angefanyaje? Alimwashia. Safari hii alibaki chumbani. Sauti ya dada ikajaa chumba, sauti ya msimamizi, iliyojaa pumzi, ya kabla ya kuugua sana, na binti akainamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa. Walisikiliza mchana kutwa. Kulikuwa na kuzaliwa kwake mle, na shule, na jinsi alivyokuwa mkaidi, na yule mwanamume. Kila rekodi ilikuwa chungu kuliko iliyotangulia. Katika ile ya mwisho iliyobaki, ya siku ya kunakili, dada alisema polepole, bila kufoka: “Mwanamke anayemkana mama yake kwa ajili ya suruali, Mungu humwonyesha. Na wewe amekuonyesha.”

Kikohozi. Rekodi ikaishia hapo.

Futa alitamani ardhi impasukie.

“Anamsema mwanangu,” alisema binti.

“Ilikuwa hasira, mama. Baadaye alikuomba radhi. Aliisema ile ya mazishi, kwa nini hakuja, yote. Aliniambia kwa kinywa chake kwamba amesema.”

“Alisema kwa nini hakuja?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

“Sijui.”

“Hukusikia?”

“Sikusikiliza. Niliona si adabu.”

Binti alimtazama muda mrefu, kwa macho ya mama yake hasa, yale ya kutafuta doa kwenye shuka.

“Basi niambie hili tu. Alipokuwa anasema, alikuwa analia au alikuwa anafoka?”

Futa alimkumbuka dada siku ile ya chai, uso umelowa, lakini machozi ya baada si jibu la alichoulizwa, na alikuwa amekwisha kumdanganya mtu mmoja.

“Nilikuwa uani,” alisema. “Nilifungua bomba ili nisisikie.”

Binti akatikisa kichwa taratibu, akasimama, akaweka mkono juu ya kompyuta.

“Nitolee hiyo diski niende nayo, Mjomba,” alisema. “Huyo ndiye mama niliyeachiwa.”